Jiko la Chuma Kutoka Ibanda

Mutoto wangu wa tatu, binti, alikuwa na kifua kinachokataa moshi. Nasema kinakataa kwa sababu ndivyo munganga alivyotuambia lopitali. "Mama, kifua cha huyu kinakataa moshi. Musimuweke karibu na moto wa kuni. Siku moja kitafunga na hakitafunguka." Alisema hivyo akiandika, hakuinua kichwa. Nikamuuliza kama anataka tule vyakula vibichi. Akajibu kwamba hilo si swali la lopitali.

Tulikaa Kasha, pembeni ya Bukavu, kwenye muteremuko, nyumba ya matofali mabichi na manjanja, yale mabati, juu. Pa kupikia palikuwa ndani, chumba kidogo nyuma ya kile tulicholala, na ukuta wa katikati haukufika kwenye paa. Mafiga matatu chini, kuni za kalitusi. Moshi ulipanda, ukapita juu ya ukuta, ukajaa nyumba, ukatoka chini ya manjanja wakati ulipotaka wenyewe. Sisi wengine tulizoea. Macho yalitoka machozi kidogo, basi. Lakini yeye alikimbilia nje, akachuchumaa na kushika magoti, akavuta pumzi kama mutu anayevuta kamba yenye muzigo. Shingoni palikuwa na shimo ambalo lilizama kila alipovuta. Mimi nilisimama pale na mwiko mukononi. Hakuna kitu mama anaweza kufanya kwa pumzi ya mutu mwingine. Huwezi kumuvutia hewa.

Watu wananiuliza kwa nini sikupika nje. Nilipika nje. Mvua ya Bukavu ikizima moto wako mara za kutosha, utarudi ndani. Wengine wanasema ningetumia babula, lile jiko dogo la makala, yaani makaa. Nilijaribu hiyo pia, nikaazima babula ya jirani. Makala haitoi moshi wa kuonekana, lakini kuna kitu kibaya ndani yake, kwa sababu mutoto alisinzia muchana karibu na ile babula na midomo yake ikageuka rangi ya majivu. Nilimutoa nje, nikamupiga piga mashavu mpaka akalia. Babula nikairudisha siku ileile.

Mume wangu alikuwa dereva wa kamyo iliyobeba majani ya chai. Alikuwa mutu wa maneno machache. Siku moja alirudi na hata hakukaa.

"Mama watoto, kule Ibanda kuna jiko ya chuma. Ya wazungu. Iko na tiyo inapeleka moshi mpaka juu ya nyumba."

"Ya nani?"

"Ya directeur mumoja. Bo banapikia na courant ya umeme sasa. Jiko iko mu garage tu, kuku banalala ndani."

"Na anataka nini?"

"Mbuzi yetu."

Hakuna haja ya kuuliza mbuzi gani. Tulikuwa na mumoja, jike, na alikuwa na mimba. Nikasema mbuzi haitoki hapa kabla mimi sijaiangalia hiyo jiko na macho yangu. Akasema ndiyo sababu amekuja kunichukua, kamyo inangoja.

Nyumba ilikuwa moja ya zile zilizobaki wakati wazungu walipoondoka na mali yao ikagawiwa. Bustani iliteremuka mpaka kwenye ziwa. Mama wa nyumba alikuwa mwanamuke wa masomo, alifanya kazi ya ofisi, lakini tulimukuta kwenye baraza, miguu mitupu, anachambua sombe, majani ya muhogo. Mume wangu akavua kofia na kumuita mwananchi kwa Kifaransa, kama serikali ilivyotuamuru wakati ule.

"Bonjour, citoyenne."

"Acha citoyenne, papa. Uko nyumbani kwa mutu, hauko mu meeting." Akasogea ili nipate fasi kwenye kiti chake. "Karibu, maman. Jiko iko nyuma. Mubishane na kuku kwanza."

Tuliwafukuza kuku. Jiko lilikuwa kubwa kama kitanda cha mutoto, jeusi, na miguu minne ya kupinda. Mumoja wa miguu ile ulikuwa umevunjika na fasi yake waliweka tofali. Mimi sikusoma sana, nilitoka shuleni mapema kulea wadogo zangu. Lakini tangu utoto nimekaa mbele ya moto, na sufuria zilizotoboka nimezijua. Nikaomba kijiko cha chuma. Nikaanza kugonga kutoka pembeni, polepole, sikio karibu. Chuma kizima kinalia na sauti inakwenda mbali kidogo. Kilichopasuka kinajibu mara moja na kunyamaza.

Pembeni palilia vizuri. Mulango wa moto ulilala upande mumoja, pini yake ilikuwa imelika. Niliingiza mukono ndani, nikapapasa vyuma vya chini vinavyobeba kuni. Vilikuwa vyembamba katikati, vimeliwa na moto, na kimoja kilikatika mukononi mwangu. Nikakiweka chini mbele ya mume wangu akione. Ndani ya furu, pale wazungu walipochomea mikate, nilikuta kutu na yai.

"Hiyo yai ni ya jiko, maman," yule mama akasema. "Iko mu bei ya mbuzi."

Bamba la juu, lile sufuria zinapokaa, lilikuwa limefunikwa na mafuta ya zamani na mavi ya kuku. Nilikwangua na kile kijiko. Nikagonga. Lilijibu na kunyamaza.

Nikaomba majani mabichi ya mugomba. Mume wangu aliona haya, alifikiri nitachafua garage ya watu. Nikayasukuma ndani, nikawasha chini yake nyasi kavu, nikafunga mulango na kumuambia azibe tiyo na kitambaa chenye maji. Ukitaka kujua fasi jiko inavuja, usiangalie chuma. Ujaze moshi na umunyime njia. Yeye mwenyewe atakuonyesha. Tulingoja. Ulitoka kidogo kwenye mulango, hilo nililitazamia. Halafu ukasimama juu ya bamba, mustari mumoja kutoka tundu kubwa la sufuria mpaka nyuma kabisa, mwembamba kama uzi. Bamba lilikuwa limepasuka karibu lote.

"Mulipikia nini hapa?" nikauliza.

"Kila kitu. Maharagi, nyama, bugali."

"Bugali mulisongea wapi?"

"Hapo juu. Ningeisongea wapi, maman, kwenye kiti?" Akacheka. "Dada ya bwana yangu njo alikuwa anasonga. Ule iko na mikono ya mwanaume. Akianza, hata vikombe mu kabati vinacheza."

Sikucheka, ila niliona kila kitu. Bugali yetu ya muhogo na mahindi haisongwi na vidole. Sufuria inakaa chini kwenye mafiga, unaibana na mti unaoushika na miguu, unainama, unasukuma mwiko na mikono miwili na mugongo wote. Ikiwa haipigani nawe, bado ni uji, na ukiitoa motoni kabla ya hapo inabaki mbichi. Wazungu waliotengeneza lile jiko hawakujua hiyo. Wao wanaweka sufuria, wanangoja. Chuma cha namna ile kinabeba uzito hata mukubwa, lakini hakikubali kupigwa kikiwa na moto.

"Mimi sikufichi, maman," yule mama akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Kama hautaki, uache. Sisi tungeitupa tu."

Mume wangu alikuwa ameshika ile tiyo na mikono yote miwili. Hakuniangalia. Aliangalia juu, pale ambapo tiyo ingetokea kama ingekuwa nyumbani kwetu. Nilijua jiko ni gonjwa. Nilijua hata ugonjwa wake. Lakini nyumbani nilikuwa nimeacha mugonjwa mwingine, na kwa yule sikuwa na hata kitu kibovu cha kumupa. Nikasema tuchukue.

Kasha nzima ilitoka kuona. Wanaume wa salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, waliokuwa wanachimba mufereji waliacha majembe, wakalibeba kutoka barabarani na miti miwili kama wanavyobeba mugonjwa.

"Muzee, umenunua train?"

"Hii train inafika Kalemie saa ngapi?"

"Inangoja courant."

Mama mukwe wangu, aliyeishi nasi, alikuwa mulangoni. Alilizunguka jiko, akalipiga teke kidogo.

"Mbuzi ilikuwa na tumbo," akasema. "Hii nayo iko na tumbo, lakini haitazaa."

Tulimuita fundi wa kuchomea vyuma kutoka mujini. Alilala chali, akaangalia bamba kutoka chini kupitia mulango wa moto, akasimama akifuta mikono.

"Hii ni chuma ya kumwaga, mama. Sitaichoma. Nikiifunga fasi moja na moto, itapasuka fasi ingine."

"Sasa?"

"Sasa tunaifunga bandeji."

Mume wangu alileta kipande cha chuma cha resori, springi ya kamyo iliyokufa. Fundi alitoboa bamba pande mbili za ufa, akaweka ile resori chini yake, akakaza na boloni. Alitengeneza pini ya mulango, akaweka vyuma vipya chini ya kuni. Muguu uliovunjika ulibaki na tofali. Ufa wenyewe ulikuwa kazi yangu. Nilichukua udongo wa kichuguu, majivu niliyochekecha na kitambaa, chumvi, na mavi ya ng'ombe kidogo ili usikauke haraka. Nilipaka na kidole, nikawasha moto mudogo wa vijiti, nikaacha upoe, nikapaka tena fasi ilipochanika. Nilifanya hivyo siku nyingi. Mama mukwe alisema namupaka jiko mafuta kama mutoto mchanga.

Halafu nilijaza majani ya mugomba, nikaziba tiyo, nikangoja. Hakuna moshi uliosimama juu ya bamba.

Nikawasha kuni za kweli. Moshi ulipita mu tiyo, ukatokea juu ya manjanja, na majirani wakatoka kuangalia kama nyumba inaungua. Ndani tulionana sura. Nilimuita mutoto. Aliingia, akasimama karibu na mulango, tayari kukimbia. Nikamuambia akae. Alikaa kwenye kasha la chupa, mugongo ukutani, akala maharagi ya moto jikoni na sisi. Alipomaliza aliomba nyongeza, na hakuwa mutoto wa kuomba. Baba yake alitoka nje akajifanya anaangalia tiyo.

Niliweka sheria moja. Bugali haisongwi juu ya jiko. Inasongwa nje, kwenye mafiga, na mvua ikinyesha tunakula viazi. Mama mukwe hakuipenda sheria ile.

"Nyumba gani inakula viazi siku nzima? Sisi ni Wabeleji?"

"Mama, jiko itavunjika."

"Basi ni jiko gani inayoogopa chakula?"

Lakini alifuata sheria, kwa sababu yeye pia alikuwa anamusikia mutoto akilala, na usingizi ulikuwa kimya.

Ndipo kaka zake mama mukwe wakaja kutoka Luhwindja. Walikuwa wazee, walitembea sehemu ya njia kwa miguu, na walileta kuku. Mvua ilianza walipokuwa wanakung'uta viatu, ile mvua inayopiga manjanja mpaka watu wanasemezana kwa mikono. Kwetu mugeni wa namna ile, kaka wa mama wa bwana yako, hawezi kupewa viazi. Tena hawezi kupewa bugali laini. Bugali laini inamuambia kwamba hakuna mutu katika nyumba aliyetaka kujichosha juu yake. Atakula, atashukuru, na kule kwake watajua yote.

Niliangalia nje. Mafiga yalikuwa yamezama katika maji mekundu. Babula hatukuwa nayo, na wageni walikuwa wamejaa chumba, na mutoto kati yao, mumoja wa wale wazee akimuuliza kuhusu shule. Mume wangu alikuja mpaka mulango wa jikoni.

"Fanya kidogo kidogo," akasema.

"Hakuna kidogo kidogo ya bugali."

"Najua," akasema, akarudi kwa wajomba zake.

Niliweka maji juu ya jiko. Nilipotia unga nilisonga kama mutu anayepaka dawa kidonda. Nilizungusha mwiko bila kusukuma. Unga uliungana, ukawa laini, unang'aa, uji muzito tu. Mama mukwe alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliangalia sufuria, akaangalia kule kaka zake walipokaa. Aliniwekea mukono begani na kunisogeza, na uso wake ulikuwa wa mutu anayeomba.

"Mukwe wangu, hao ni ndugu zangu. Hawatakuja tena wakiwa hai."

Ningefanya nini? Kumunyang'anya mwiko mama wa bwana yangu mbele ya kaka zake? Nilishika sufuria na vitambaa ili isiteleze. Aliinama, akatia unga, akasukuma. Alikuwa bado na nguvu. Bugali ilianza kupigana naye, ikageuka vizuri, mara moja, mara nyingine, na ile harufu yake ikatoka, na mimi nikiwa nimeshika sufuria nikasikia bamba chini ya mikono yangu. Halikulia kwa nguvu. Ni kama mutu aliyevunja kijiti ndani ya blanketi. Sufuria ikainama upande mumoja. Nusu ya bamba ilikuwa imeanguka juu ya kuni, na resori na boloni zake.

Moshi haukuwa mustari tena. Ulitoka wote. Nilisikia viti chumbani, halafu sauti ya mume wangu, halafu mulango. Nilipofika nje alikuwa amemubeba mutoto katikati ya mvua, amemuinamia na koti, na wale wazee wamesimama kwenye ukingo wa nyumba wakiwa hawaelewi. Ile shimo ya shingoni ilizama na kupanda, ilizama na kupanda. Midomo ilitafuta. Mume wangu alisema maneno sikioni mwake, siyajui, mvua ilikuwa kubwa. Ilichukua muda murefu. Mama mukwe alitoka bila kitambaa kichwani, mwiko bado mukononi una bugali, akasimama karibu yetu akinyeshewa, na hakuna mutu aliyemulaumu na hakuna mutu aliyemufariji.

Pumzi ilirudi. Tulikula ile bugali baadaye ikiwa baridi. Ilikuwa imesongwa vizuri.

Fundi alirudi. Alichukua vipande viwili, akaviunganisha, akaviachanisha.

"Kama ingekuwa mutu, mama, ningesema tuzike."

Alijaribu kukata bamba lingine kutoka pipa la mafuta. Likapinda kwenye moto wa kwanza kama jani la sombe, na moshi ukapata njia pande zote. Akajaribu kuweka mabamba mawili. Yakapinda yote. Mimi nilipaka udongo, ukadondoka. Nikapaka tena. Mume wangu aliniambia niache, nikaendelea kupaka, mpaka udongo ulipokwisha.

Nilikwenda Ibanda peke yangu, kwa miguu, kumuuliza yule mama kama wazungu hawakuacha bamba lingine pahali, stoo, chini ya kitanda, popote. Alitafuta kweli. Alifungua hata makasha ya bwana yake. Alikuja akifuta vumbi mikononi.

"Hakuna, maman. Labda kule Ubeleji." Alinisogezea kiti. "Mutoto anakuwa je?"

Nikamuambia kwamba tumerudi kwenye mafiga ya ndani, na usiku halali.

Aliangalia ndani ya jikoni lake. Lilikuwa jeupe, madirisha wazi, sufuria inachemuka bila kitu chochote kuwaka. "Hapa hakuna moshi," akasema. "Mulete. Atasoma na wangu. Si wa kazi, maman, sikuombi mufanyakazi. Mulete tu apumue."

Nilirudi Kasha na neno hilo, sikulitoa mpaka chakula kilipoisha. Nilitegemea mume wangu akatae. Nilitaka akatae. Aliuliza tu kama kuna kitanda. Mama mukwe alianza kukunja nguo za mutoto kabla hatujakubaliana, akizikunja na kuzikunjua.

Kwa hiyo alienda. Alibeba nguo zake na sahani yake, na hakulia, na mimi pia sikulia, kwa sababu mutoto akiona mama analia anadhani kuna njia ingine.

Nilikuwa nakwenda kumuona siku ya Mungu baada ya misa. Alinenepa. Alijifunza Kifaransa haraka. Alicheza kamba kwenye bustani na binti za nyumba ile, na nilisimama kwenye lango nikimusikia akihesabu miruko bila kukatika pumzi. Mara ya kwanza alinikimbilia, akaweka uso katika nguo zangu. Halafu akajitoa, akakohola, akakohola tena, akarudi nyuma akishika koo. Moshi wa Kasha ulikuwa katika pagne yangu ya kitenge, katika nywele, katika ngozi.

Nilipofika nyumbani nilifua ile pagne na sabuni, nikaianika kwa jirani asiyepikia ndani, sikuigusa mpaka siku ya Mungu iliyofuata. Nilioga na kusugua kichwa. Haikusaidia. Moshi wa miaka hautoki na sabuni.

Ndivyo tulivyojifunza. Yule mama aliniwekea kiti mwisho wa baraza, upande ambao upepo wa ziwa ulitoka kwa mutoto kuja kwangu. Mutoto alikaa upande mwingine. Nilimuuliza kama anakula vizuri, kama analala, kama anamusikiliza maman wa pale. Alinijibu kwa sauti kubwa kidogo ili nisikie, na wakati wa kuondoka nilimupungia mukono.